Mwalimu, Gari Lako Linalia



Mwezi wa Aprili tulikuwa kwenye ngeli ya LI-YA. Jicho langu linauma, macho yangu yanauma. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa. Nilitoka zamu ya usiku hospitalini, nikapita nyumbani Unionville kuchukua daftari, nikaingiza gari kwenye maegesho ya shule nikiwa nimeuma meno, maana nilijua kitakachotokea nikikanyaga breki. Kikatokea. Kwiiiii! Mtoto mmoja wa miaka saba alikuwa amesimama mlangoni na mama yake. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Mwalimu, gari lako linalia."

Sikujua nifurahi au nijifiche. Lako, linalia: hakukosea hata kimoja. Sisi wazazi wenyewe nusu yetu tunasema "gari yangu inalia" na hakuna anayetushtaki. Nilimpongeza mbele ya wenzake. Lakini mama yake alikuwa ameangalia chini kwa adabu, na mimi niliona aibu, kwa sababu gari lile lilikuwa linalia tangu Februari.

Mimi ni nesi. Kila siku ya kazi nawauliza watu: maumivu yalianza lini? Na mtu akinijibu miezi miwili iliyopita, namtazama kwa jicho lile mnalolijua. Kumbe mimi mwenyewe dawa yangu ilikuwa kuongeza sauti ya redio. Jumapili mchana, Main Street ya Unionville ikijaa watu wanaovuka barabara na koni za aiskrimu mikononi, magari yanakwenda mwendo wa kobe na breki ni kila baada ya hatua tatu. Nilikuwa nazunguka mbali ili nisipite pale. Watu walikuwa wanageuka kutazama.

Si kwamba sikujaribu. Nilikwenda gereji moja mwezi wa Machi, wakaniandikia dola 940, diski na pedi mbele na nyuma. Hawakunionyesha kitu, waliniletea karatasi tu. Labda walikuwa sahihi, sisemi waliniibia. Lakini nilikuwa nimetoka kutuma ada za watoto wa dada yangu, na dola 940 kwa kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu zilinikwama kooni.

Basi jioni ya siku ile ya LI-YA nikampigia mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, anaishi Mombo, mkoa wa Tanga, chini kabisa ya milima ya Usambara. Kwa wasiopajua: pale Mombo unaacha barabara kuu na kuanza kupanda kwenda Lushoto, kilomita kama 33 za kona juu ya kona, unapita Soni kwenye maporomoko ya maji, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mjomba alianza kazi akiwa utingo kwenye lori la mboga, baadaye akawa dereva wa lori hilohilo. Kabichi, nyanya na matunda ya Lushoto yanashuka mlima kwenda Dar es Salaam, na yanashuka yakiwa mazito. Nilipokuwa mdogo nilipanda naye mara mbili. Ninachokumbuka si mandhari. Nakumbuka kwamba wakati wa kushuka hakukanyaga breki kama nilivyotarajia. Aliweka gia ndogo, ileile ambayo angepandia, akaiacha injini ingurume na kulizuia lori, na breki akazigusa na kuziachia, akazigusa na kuziachia. Ukizikalia breki kwenye mteremko mrefu zinapata moto mpaka hazishiki tena. Na kila tulipochimba dawa njiani, kabla injini haijazimwa, utingo alikuwa ameshacharuka chini na gogo lake kuliweka nyuma ya tairi.

Sasa mjomba ana miaka 71, hana gari, lakini watu bado wanampelekea magari yao uani ayasikilize.

Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Wazazi wa vijana mtanielewa nikisema kwamba Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi ya kusema. Anaelewa "njoo ule" na anaelewa nikikasirika. Mimi, mwalimu wa watoto wa wenzangu! Nilimwita ashike simu kwa sababu tu mikono yangu ingekuwa na kazi, sikuwa na mpango mwingine wowote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, niambie, inalia au inakwaruza?"

Kijana akanigeukia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hatuna kazi ya breki tu. Kwa mjomba kelele si kelele, kila moja ina jina lake. Breki inayolia ni sauti nyembamba, kama filimbi au panya aliyebanwa. Inayokwaruza ni kama sufuria linalosuguliwa na mchanga. Inayosaga ni nzito, unaisikia mpaka kwenye nyayo. Inayogonga, ko-ko-ko, ina kitu kimelegea. Na ile inayotetemesha usukani bila kelele yoyote, diski yake haiko sawasawa. Mjomba aliiga sauti zote moja baada ya nyingine, pale barazani kwake Mombo, jogoo anawika nyuma yake, mpaka kijana wangu akacheka kwa sauti. Mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo na mtu mzima sikumbuki.

Kisha yakaja maswali mengine, na mimi nikajiona niko wodini nachukua historia ya mgonjwa. Inalia ukikanyaga au ukiachia? Asubuhi tu, au siku nzima? Ikilala nje na mvua je? Hili la mvua nawaambia na ninyi, maana linatisha watu bure: diski ni chuma kitupu, ikinyeshewa usiku inapata kutu nyembamba, asubuhi unasikia mkwaruzo mara mbili tatu, halafu pedi zinaifuta na kelele inaisha. Hiyo iacheni. Yangu haikuisha. Ililia nikikanyaga, baridi na joto, na wiki mbili za mwisho ilikuwa imeanza kulia hata nisipokanyaga, nikienda polepole.

"Hiyo ni kengele," mjomba akasema. Akaeleza kwamba kwenye pedi nyingi kuna kijibati kidogo cha chuma, kimekunjwa makusudi. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hadi 12 hivi. Ikilika ikabaki kama milimita mbili au tatu, kile kijibati kinafika kwenye diski na kuanza kupiga kelele. Hakijaharibika, kazi yake ndiyo hiyo. Ukiendelea kukidharau, pedi inaisha, chuma kinakutana na chuma, na hapo kulia kunageuka kusaga.

"Sasa nendeni mkasikilize ni upande gani."

Jumapili asubuhi tukatoka, redio imezimwa, vioo vyote chini, baridi inatukata masikio. Tulikwenda polepole kando ya ukuta wa maduka yaliyofungwa, kwa sababu ukuta unarudisha sauti. Kijana alikuwa ametoa kichwa nje kama utingo. Tulirudi nyumbani saa tatu, Mombo ilikuwa saa kumi jioni.

"Babu, inalia upande wa abiria," kijana akasema. Alikuwa ameliandaa neno hilo njiani, "abiria", amenifanya nilirudie mara nne.

"Vizuri sana. Haya, fungueni kushoto."

Tukafungua kushoto.

Sitasema uongo, mimi niliyekwenda Kanada miaka kumi na minne iliyopita, mjomba akisema kushoto, mkono wangu unakwenda kushoto. Sikufikiri. Tuliweka gari mahali tambarare, tukavuta breki ya mkono, na kijana akaweka matofali nyuma na mbele ya matairi ya nyuma (gogo la utingo halipatikani Unionville). Nati za gurudumu mnazilegeza kidogo kabla ya kupiga jeki, gari likiwa bado limekanyaga chini, la sivyo tairi litazunguka nanyi. Kisha jeki, kisha stendi. Hapa mjomba, ambaye anacheka karibu kila kitu, hakucheka. Alitaka aione stendi kwenye simu, imekaa chini ya chuma kigumu cha gari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Alimpoteza rafiki yake wa ujana chini ya lori lililosimama juu ya jeki peke yake, na jambo hilo alimweleza mwanangu kwa Kiswahili cha polepole, neno moja moja, mpaka akahakikisha limeingia.

Gurudumu likatoka. Pedi ya nje ilikuwa nzima. Kijana akapima kwa rula: milimita sita. Ya ndani, sita. Diski laini kama sahani.

Kimya Mombo, kimya Unionville.

"Una hakika ulisikia upande wa abiria?" mjomba akauliza.

"Ndiyo babu. Mimi nilikaa kulia, na kulia ndiko kunalia."

"Ulikaa kulia? Kwani uliendesha wewe?"

Ndipo tukaelewa, wote watatu kwa pamoja. Kwetu dereva anakaa kulia na abiria kushoto. Huku ni kinyume. Mjomba alicheka mpaka akakohoa, mke wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Na kijana aliiweka ile sentensi yake mfukoni kama mtu aliyeokota hela: kulia ndiko kunalia. Siku hizi anawaambia wenzake kwamba lugha yetu ina neno moja la kutoa machozi, la kutumia mkono wa kuume na la kula chakula kwa mkono huohuo. Nimemwambia hilo la mwisho ndilo lililoleta la pili, mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Watoto, tutalifanya darasani.

Kazi yetu haikupotea, lakini. Mjomba alisema ni vizuri tumeona upande mzima kwanza, sasa tutakuwa na cha kulinganisha. Ni kama tunavyofanya sisi manesi, goti likivimba unaangalia na lile lingine.

Upande wa kulia, pedi ya nje ilikuwa milimita tano. Ya ndani, ile isiyoonekana mpaka ufungue, ilikuwa imebaki kama kucha, na kile kijibati kimesuguliwa kinang'aa. Kumbe mtu angechungulia kwa nje tu kati ya nafasi za rimu angesema pedi ziko salama.

Kwa nini ya ndani ife na ya nje ibaki? Mjomba alimfanya kijana ashike kalipa, lile dude linalokumbatia diski, alisukume kushoto na kulia. La upande mzima lilikuwa linateleza kwa vidole viwili. Hili halikutikisika. Kalipa ya aina hii inakaa juu ya pini mbili. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa yenyewe inateleza juu ya pini ili ivute ile ya nje, ndipo zote mbili zibane diski sawasawa. Pini zikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili na hairudi nyuma vizuri ukiachia. Ndiyo maana ililia hata nisipokanyaga.

"Zimekwama na nini? Kutu hiyo imetoka wapi? Mko baharini?"

"Ni chumvi, mjomba. Wanaimwaga barabarani wakati wa baridi."

"Chumvi? Barabarani? Nani anaimwaga?"

"Serikali."

Hili lilichukua muda. Nilimweleza kwamba maji ya chumvi yanahitaji baridi kali zaidi ndipo yagande, kwa hiyo magari makubwa yanapita usiku yakinyunyiza chumvi ili barabara isiwe kioo. Usiku wa kutoka zamu, Highway 7 ikiwa nyeupe kwa chumvi, ninaishukuru. Lakini chumvi hiyohiyo inapanda chini ya gari na kukaa huko, na chuma kinalika. Mjomba, mtu wa Tanga, anajua chumvi ya bahari inavyokula mabati. Hakuwahi kusikia watu wanainunua ili waiendeshee magari juu yake.

Tulivunja kazi pale. Kijana alikwenda na baiskeli dukani kununua pedi za mbele pande zote mbili, maana hazibadilishwi upande mmoja, gari litavuta. Diski ya kulia ilikuwa na mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha, kwa hiyo diski mbili pia. Hizo nzito zililetwa na jirani yetu, mzee wa Kichina anayeishi mlango wa tatu, ambaye alikuwa ametutazama tangu asubuhi kutoka kwenye ngazi yake bila kusema kitu. Alirudi na diski, na mtalimbo, na jiliwa lake mwenyewe la chuma. Jumla tulitumia dola 212 pamoja na grisi.

Vumbi lile jeusi la breki msilipulize. Mjomba alitaka kijana alipulize kwa mdomo, kama walivyofanya wao miaka yote, na hapo nilikataa, ndiyo mara pekee niliyombishia siku ile. Pedi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Kanada ilipiga marufuku bidhaa mpya za asbesto mwishoni mwa mwaka 2018, lakini gari lililotembea miaka mingi hujui limewahi kuvishwa nini. Barakoa, kitambaa kibichi, na kitambaa kinafungwa kwenye mfuko na kutupwa. Mjomba alinyamaza, kisha akasema, "Basi sisi tumekula mangapi." Sikuwa na jibu la kumpa.

Pini zilitoka kwa mtalimbo na uvumilivu. Tulizisugua kwa brashi ya waya, tukazipaka grisi ya breki, ile inayovumilia moto, si ya kawaida, na isiguse pedi wala diski hata chembe. Kalipa ikitolewa haiachwi ininginie kwenye mpira wake. Tuliifunga kwa waya kama nyama ya kukausha. Kabla ya kurudisha pistoni ndani kwa jiliwa, mjomba alisema tufungue kifuniko cha mafuta ya breki chini ya boneti tuone yamefika wapi.

Yalikuwa chini ya mstari wa chini.

"Si ajabu," alisema. Pedi zikilika, pistoni zinatoka nje, na mafuta yanazifuata, kwa hiyo kwenye kikopo yanapungua bila kuvuja. Ukisukuma pistoni ndani yanarudi juu. Kijana akasukuma, taratibu, kulia kisha kushoto. Mafuta yakapanda. Lakini hayakupanda hata kufikia katikati.

Mjomba akaomba aone tena. Kijana akasogeza simu.

"Hesabu haijatimia," mjomba akasema. "Kuna mengine yamekwenda mahali."

Mimi nilikuwa nimechoka. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari, diski zinang'aa kama za harusi, na saa moja usiku nilitakiwa kazini. Nilitaka kuongeza mafuta, kufunga kifuniko na kwenda kuoga. Nilisema hivyo. Mjomba hakunijibu mimi, alimwambia kijana, "Mjukuu wangu, chukua karatasi nyeupe ya kufutia, nenda nyuma, usiingie chini ya gari, lala ubavuni tu, unyooshe mkono."

Alilala kwenye saruji, simu mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Nilimsikia akisema kwa Kiswahili, peke yake, bila mimi kumsaidia, "Babu, kuna bomba. Jembamba. Lina kutu. Nimelifuta." Kisha akainua ile karatasi mbele ya simu. Ilikuwa na doa la rangi ya chai, na ilikuwa inateleza. Maji hayatelezi hivyo, na mvua haikunyesha wiki nzima.

Mjomba akasema, "Hapo weka spana chini."

Bomba la breki la chuma, linalopeleka mafuta magurudumu ya nyuma, lilikuwa limelika na chumvi mpaka linatoa jasho. Halikuwa linalia. Halikukwaruza, halikugonga, halikutetemesha chochote. Magari ya siku hizi yana njia mbili za breki, moja ikifa nyingine inabaki, lakini gari lenye nusu ya breki linakwenda mbali sana kabla ya kusimama, na mimi usiku ule ningepanda Highway 404. Mjomba alisema yeye mwenyewe asingelitengeneza bomba lile uani kwa simu, na sisi tusiliguse. Tulirudisha magurudumu, na kabla ya kushusha gari alinifanya nikanyage pedali, tena na tena, kwa sababu baada ya kurudisha pistoni nyuma mguu wa kwanza unaingia mpaka chini bila kushika kitu. Wasiojua hilo wanagundua wakiwa barabarani. Kwetu pedali ilipanda, ikawa ngumu kiasi, ila nilipoikalia ilianza kushuka polepole, kama mtu anayesinzia. Nilimpigia mwenzangu nikaomba tubadilishane zamu.

Jumatatu gari lilikokotwa. Gereji nyingine safari hii, dola 380 na za kukokota juu yake. Fundi alinionyesha kipande alichokitoa. Alikikunja kidogo kwa vidole, kikavunjika kama kijiti cha ufagio. Kwa hiyo ukipiga hesabu sikuokoa pesa nyingi kama nilivyotangaza kwa watu, na nasema hivyo kwa sababu baadhi yenu mmenisikia nikijisifu.

Kuna jambo sijalimalizia, la jioni ileile ya Jumapili. Tulikuwa tunaagana na mjomba, Mombo kumeshaingia giza. Nikamuuliza kama kawaida yangu, "Mjomba, dawa za presha unameza?"

"Aa, zile niliziacha tangu Ramadhani. Sisikii kitu mimi. Kichwa hakiumi, kizunguzungu hakuna. Nikisikia kitu nitameza."

Nimemwambia maneno yote ya kinesi mara ngapi. Kiharusi, figo, moyo. Nilifungua mdomo nianze tena, nikiwa sina nguvu. Kijana wangu alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, simu imeegemezwa kwenye boksi la diski. Akasema, bila hata kuitazama simu:

"Babu, bomba pia halikulia."

Mjomba hakucheka. Alikaa kimya muda mrefu hivi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mtoto huyu umemfundisha nani?" Akatuaga.

Jumatano alituma picha kutoka zahanati. Kipimo kilisomeka 178 kwa 104. Nilipoiona picha ile nilikuwa kazini, nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Sasa anameza, nesi wa kule anamfuata, na kila Jumapili saa tatu za huku kijana anampigia mwenyewe, anaandika namba kwenye kalenda ya jikoni. Kwenye kalenda hiyohiyo aliandika siku ya kukaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita mia moja. Ameandika "presha ya babu" na "nati ya gari", nami nimemwambia ni "nati za gari", akasema atasahihisha. Jumapili iliyopita ilikuwa 146 kwa 88.

Wazazi walioniuliza vifaa: stendi mbili za jeki ziko kwenye buti la gari langu kila Jumamosi. Njooni mzichukue, ila mzirudishe kabla chumvi haijaanza. Jiliwa ni la jirani, hilo mniambie mapema nimwombe. Mafuta ya breki mliyoyatoa msiyamwage kwenye mfereji, York Region ina vituo vinavyopokea taka za hatari za nyumbani. Na Jumamosi ijayo tunamaliza LI-YA, watoto waje na penseli.